Maswali na Majibu: Kusafirisha Bidhaa za Biashara kutoka Uganda hadi Ng'ambo

Maswali haya yameletwa na wasomaji wanaouza bidhaa zao nje ya Afrika Mashariki, au wanaokaribia kuanza. Nimeyafupisha bila kubadili maana, na majina ya walioyaleta nimeyaacha.

Ushirika wetu wa kahawa hapa Masaka umepata mnunuzi Hamburg. Yeye anataka tuuze kwa FOB Mombasa, yaani wajibu wetu ukome mzigo ukiwa melini Mombasa, lakini wakala wetu anatushauri tuuze kwa CIF Hamburg, yaani nauli na bima hadi Hamburg tulipe sisi, ili faida ya nauli ya meli ibaki kwetu. Tumfuate nani?

Mfuateni mnunuzi, ila muombeni sharti hilo lirekebishwe kidogo kabla hamjatia saini.

Wanunuzi wakubwa wa kahawa huko Ulaya hupakia makontena mengi kutoka nchi nyingi, na kwa sababu hiyo hupatana na kampuni za meli bei ambayo ushirika wenye kontena moja au mawili kwa msimu hauwezi kuipata hata ukibembeleza vipi. Faida ya nauli mnayoahidiwa huonekana siku ya mkataba, lakini nauli ya meli ikipanda kati ya siku hiyo na siku ya kupakia, tofauti mtailipa ninyi, kwa kuwa bei ya kahawa mmekwisha kuifunga.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawaelezwi. Chini ya CIF muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi, lakini hatari ya mzigo humhamia mnunuzi mara tu mzigo unapokuwa melini kule Mombasa. Bima ambayo CIF inamlazimu muuzaji kuikata ni ile ya kiwango cha chini, inayojulikana kwa herufi C, nayo haigusi wizi. Mnunuzi akipokea magunia pungufu yaliyoibwa njiani, atawaandikia ninyi kwanza, hata kama kisheria hasara si yenu, na uhusiano mlioujenga kwa shida utaanza kulegea.

Marekebisho ninayoyasema ni haya: badala ya FOB, ombeni FCA, na mtaje wazi mahali pa kukabidhi mzigo. FOB ilitengenezwa kwa mzigo unaopakiwa moja kwa moja melini, ambapo wajibu wa muuzaji hukoma mzigo unapofika juu ya meli. Kontena lenu halipakiwi hivyo. Hukabidhiwa kwenye yadi, likakaa siku kadhaa likingoja meli, na siku hizo zote chini ya FOB hatari bado ni yenu ingawa mzigo hamuuoni wala hamuushiki. Chini ya FCA hatari huwatoka pale mnapomkabidhi msafirishaji aliyechaguliwa na mnunuzi, iwe Mombasa au hata bandari kavu ya Kampala. Kama benki yenu inadai hati ya shehena inayoonyesha kwamba mzigo umepakiwa melini, kanuni za Incoterms za 2020, ambazo ndizo kanuni za kimataifa zinazoeleza masharti haya ya FOB, CIF na FCA, zinaruhusu mkubaliane kwamba mnunuzi amwagize msafirishaji awape hati hiyo.

Sharti lolote mtakalokubaliana, likagueni kontena kabla ya kupakia, kwa sababu kahawa huharibiwa na unyevu zaidi ya kitu kingine chochote katika safari hiyo ya wiki nyingi. Mtu mmoja aingie ndani, milango ifungwe, asimame gizani kwa dakika chache. Mahali popote anapoona nuru ikipenya, maji ya mvua na ya bahari yatapenya pia. Anuse kama kuna harufu ya dawa, samaki au mafuta, apapase sakafu kwa kiganja kujua kama mbao ni kavu, kisha kuta zitandikwe karatasi ngumu ya kufyonza jasho la kontena. Kontena la futi 20 hubeba kama magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2 za kahawa, na shehena ya kiasi hicho inastahili nusu saa ya ukaguzi. Likiwa bovu, lirudisheni siku hiyo hiyo mkadai jingine.

Ninauza vikapu vya kusuka kwa duka moja Uholanzi. Nina maboksi 25, kila moja lina uzito wa kilo 7. Nimepima kilo 175 tu, lakini wakala wa ndege Entebbe amenitoza kilo 500. Je, nimedhulumiwa?

Hapana, hukudhulumiwa, ila ulistahili kuelezwa mapema. Ndege huuza nafasi pamoja na uzito, na mzigo mwepesi unaojaza nafasi kubwa hutozwa kwa ujazo wake. Kanuni inayotumika sana katika mizigo ya ndege ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Kama boksi lako lina sentimita 60 kwa 50 kwa 40, jibu ni kilo 20, na maboksi 25 yanakuwa kilo 500. Kampuni za vifurushi vya haraka mara nyingi hugawa kwa 5,000, na huko boksi hilo hilo lingekuwa kilo 24.

Dawa yake imo katika ufungashaji. Mwombe mnunuzi akubali ukubwa wa vikapu vinavyoingiana, kidogo ndani ya kikubwa, na karatasi laini katikati ili kingo zisikwaruzane. Mzigo ule ule ukiingia katika maboksi 11, ujazo unashuka hadi kilo 220, na uzito halisi haukubadilika. Mazungumzo hayo na mnunuzi hayahitaji fedha yoyote, na yanapunguza gharama kuliko punguzo lolote utakaloombwa kulisubiri kwa wakala.

Kwa bahari, maboksi yako 25 ni mita 3 za ujazo, na katika kontena la kuchangia na wengine kawaida hutozwa kwa mita za ujazo au kwa tani, kile kilicho kikubwa. Nauli yenyewe huwa ndogo. Jihadhari na mambo mawili: kontena la kuchangia huenda likasubiri hadi lijae, kwa hiyo dai tarehe ya kufungwa iliyoandikwa, na tozo za kulifungua kule Rotterdam humwangukia mpokeaji, ambaye asipoambiwa kabla atazikata katika malipo yako. Kwa vikapu ambavyo duka linavihitaji kwa msimu maalumu wa mauzo, mimi ningetuma bidhaa chache za mwanzo kwa ndege na zilizobaki kwa meli.

Je, paleti za mbao zilizochongwa na fundi wetu hapa Jinja zinaruhusiwa kwenda ng'ambo?

Zinaruhusiwa zikiwa zimetibiwa na kupigwa mhuri wa kiwango cha kimataifa cha ISPM 15, ambacho kwa njia ya joto kinataka kiini cha mbao kifike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Mhuri ni lazima uwe umetolewa na mwenye kibali. Paleti isiyo nao huweza kuzuiliwa, kuteketezwa au kurudishwa kwa gharama yako.

Nina simsim tani 38 hapa Lira. Mnunuzi mmoja yuko China na mwingine yuko Uturuki. Nimesikia Dar es Salaam ni nafuu kuliko Mombasa. Nipitie wapi?

Kwa mtu aliyeko Lira, Mombasa. Watu hulinganisha bandari hizi wakianza kuhesabu kutoka Kampala, ambako safari ya Mombasa ni takriban kilomita 1,170 na ya Dar es Salaam kwa njia ya Mutukula inazidi hapo kwa mamia ya kilomita. Wewe hata Kampala huna haja ya kuifikia: lori lako linashuka Soroti, Mbale na Tororo hadi mpaka wa Malaba. Kwenda Dar es Salaam utalazimika kuikata nchi nzima hadi Mutukula ndipo uanze safari yenyewe. Njia ya kusini ina manufaa yake kwa walio Masaka na Mbarara, na ile ya ziwa, kutoka Port Bell hadi Mwanza kisha reli, ni nzuri kwa mizigo mizito isiyo na haraka, lakini hiyo si hali yako.

Swali gumu zaidi ni wapi ujaze kontena. Makontena matupu hupatikana kwa urahisi Kampala na Mombasa, na kulipandisha tupu hadi Lira ni gharama. Wengi hupeleka magunia kwa lori la kawaida na kuyajaza katika ghala la Mombasa. Njia hiyo ni halali na mara nyingi ni nafuu, ila magunia yatabebwa mara mbili, na wewe hutakuwapo yanapohesabiwa mara ya pili. Ukiichagua, lipia msimamizi huru wa mizigo ahesabu magunia, achukue sampuli, ashuhudie lakiri ikifungwa na kukuandikia namba yake siku hiyo hiyo. Msimamizi huyo asiwe mtu wa wakala wala wa mwenye ghala. Tena, kontena lolote litakalopakiwa melini linahitaji uzito uliothibitishwa kwa maandishi, sharti la kimataifa tangu tarehe 1 Julai 2016, na mwenye wajibu wa kulitimiza ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya shehena kama mtumaji wa bidhaa.

Kuhusu wanunuzi wako wawili, zingatia njia ya bahari. Meli ya kwenda China haipiti Bahari ya Shamu. Ya kwenda Uturuki njia yake fupi ni Mfereji wa Suez, na tangu mashambulizi dhidi ya meli yaliyoanza mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi za meli ziliamua kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, jambo linaloongeza safari kwa wiki nzima au mbili. Kabla ya kumwahidi mnunuzi wa Uturuki tarehe ya kufika, iulize kampuni ya meli kwa maandishi ni njia gani itatumika na ni bandari gani mzigo utahamishiwa meli nyingine.

Ninasafirisha vanila kwa ndege kutoka Bundibugyo. Wakala anasema shirika la ndege tayari linawajibika kwa mzigo, kwa hiyo bima ni kupoteza fedha. Ni kweli?

Maneno hayo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyofichwa ndiyo itakayokuumiza. Shirika la ndege linawajibika, lakini kwa kiwango. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, kiwango hicho ni vizio 26 vya SDR, sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila kilo, kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Hizo ni takriban dola 35. Linganisha na bei uliyouza vanila yako kwa kilo, ndipo utajua ni kiasi gani umekiacha bila kinga. Unaweza kutangaza thamani kubwa zaidi kwenye hati ya mizigo na kulipa nyongeza, lakini mara nyingi bima ya mizigo ya kiwango A, yaani kile kipana zaidi, huwa nafuu na hukinga mzigo tangu ghalani kwako.

Mzigo ukifika umeharibika, malalamiko ya maandishi ni lazima yapelekwe kwa shirika la ndege ndani ya siku 14 tangu kupokelewa. Ukichelewa tu kufika, ni siku 21. Mweleze mnunuzi wako tarehe hizo kabla ya ndege kuondoka, kwa kuwa yeye ndiye atakayefungua maboksi.

Wanaosafirisha kwa bahari nao wasijione salama. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, wenye mizigo iliyokuwamo waliitwa kuchangia gharama za kuiokoa meli, ingawa mizigo yao haikuwa na kosa wala dosari. Mwenye bima huiachia kampuni ya bima jukumu hilo. Asiye nayo huweka dhamana ya fedha taslimu ndipo apewe kontena lake.

Mnunuzi mpya anataka nimtumie bidhaa kwa ndege, kisha alipe akipata nakala ya hati. Je, hati hiyo itanilinda?

Haitakulinda. Hati ya mizigo ya ndege si hati ya umiliki kama ilivyo hati ya shehena ya baharini. Aliyeandikwa kama mpokeaji hupewa mzigo hata kama hajakulipa. Kwa mteja mpya, dai malipo kabla, au uombe benki iliyoko mji wa mnunuzi ikubali kuandikwa kama mpokeaji, nayo iruhusu mzigo utolewe baada ya kulipwa. Kibali cha benki kipatikane kwanza, kwa kuwa hailazimiki kupokea mzigo ambao haikuukubali.

Nimepewa bei tatu na mawakala watatu wa Kampala, zimepishana mno. Nitajuaje iliyo nafuu kweli?

Kwa sasa huwezi kujua, kwa sababu huenda bei hizo si za kitu kimoja. Mmoja amehesabu hadi yadi ya Mombasa, mwingine hadi melini, wa tatu hadi bandari ya ng'ambo bila tozo za kule. Waandikie wote watatu barua moja yenye maneno yale yale: mzigo ni nini, uzito na ujazo wake, unachukuliwa ghala gani, unakabidhiwa wapi, na lini. Wadai kila gharama isimame peke yake: lori, tozo za bandari, hati, lakiri ya kielektroniki ya forodha, nauli ya meli na nyongeza ya mafuta. Bei iliyoandikwa kwa mkupuo mmoja usiikubali, hata ikiwa ndogo, maana ndiyo inayoota matawi mzigo ukiwa tayari umeondoka.

Kisha uliza mambo ambayo karatasi za bei mara nyingi huyaacha: bei inadumu hadi tarehe gani, na una siku ngapi za bure tangu kuchukua kontena tupu hadi kulirudisha limejaa. Siku hizo zikipita, kampuni ya meli hutoza kila siku kwa dola, na foleni ya Malaba haikubaliwi kuwa kisingizio. Wakala anayekupa siku nyingi za bure kwa bei ya juu kidogo anaweza kuwa nafuu kuliko wote, hasa kama mzigo wako unakusanywa kidogo kidogo kutoka kwa wakulima na hujui utakamilika lini. Hakikisha pia kwamba ana leseni ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda ya mwaka huu, na umwombe akuonyeshe hati za mzigo wa aina yako aliousafirisha karibuni, majina ya mteja yakiwa yamefunikwa.