Kuchora miungu ya kale, anza na alama

Ndugu yangu, umeuliza kama mchoraji wa Mji Mkongwe anaweza kuchora miungu ya kale bila kuonekana anaiabudu. Anaweza, ila asianze na uso, aanze na alama. Kwa Wagiriki, Poseidon, mungu wa bahari, hutambulika kwa mkuki wa ncha tatu, na Athena, mungu wa kike wa hekima, kwa bundi; Thoth wa Misri kwa kichwa cha ndege kwarara. Mimi ningemchukua Yemoja, mungu wa kike wa maji wa Wayoruba. Kule Salvador, Brazil, kila tarehe 2 Februari watu huvaa nyeupe na buluu, wakapanda mashua kumpelekea maua baharini. Hebu itie buluu hiyo pamoja na ngalawa za Nungwi na maua yakielea ubavuni. Uso hauhitajiki kabisa, na mzee wako hatokuwa na la kusema (haya, atasema kidogo).

Lakini Saraswati na Ganesha usiwahesabu kuwa ni hadithi za zamani tu. Wahindu wa hapa hapa mjini wanawaabudu hadi leo, kwa hivyo usije ukawachora kwenye kandambili za kuuzia watalii. Mashetani ya Kimakonde waachie wachongaji, madukani yamejaa tele.