Jar of Flies inakusinzisha? Ngoja nikujibu, ila jibu refu

Mkuu uliyeuliza kwamba umeisikiliza Jar of Flies, ile rekodi ya bendi ya roki ya Marekani Alice in Chains, mara mbili ukaona nyimbo za kusinzia tu na hujui watu wanaililia nini, mi nakujibu kama fundi redio, sio kama mtu wa muziki, maana muziki wenyewe niliupata kwa ajali.

Mwaka 2011, kipindi kile cha mgao, kuna mteja aliniletea redio ya CD, ugonjwa wake CD imekwama ndani na trei haitoki. Akaacha elfu tano ya kuanzia, akasema narudi Jumamosi, mpaka leo hajarudi. Kufungua nikakuta ule mkanda mdogo wa mpira umelegea, nikautia kwenye maji ya moto ukakaza, lenzi nikaifuta kwa pamba na spiriti, umeme uliporudi saa tatu usiku nikabonyeza play nijaribu. Sikujua hata ni muziki gani, kava hakuna, kuna jina tu juu ya CD.

Ikaanza besi, taratibu, inatembea peke yake kama mtu anayerudi nyumbani hana haraka. Halafu kikaingia kitu kinalia weeuu weeuu, sio sauti ya mtu na sio gitaa, nikajua tayari, spika imechanika. Nikazima. Nikatoa spika, nikakagua koni na tochi, nzima kabisa! Nikarudisha, nikawasha, kile kitu kikalia vilevile. Huo ni Rotten Apple, wimbo wa kwanza, na kile kilio nimekuja kujua baadaye sana ni gitaa la Jerry Cantrell, sauti yake inapitishwa kwenye mpira mpaka mdomoni kwa mpigaji, mdomo ndo unaoifinyanga, wanaita tokiboksi. Yaani nilifungua redio ya watu kwa ajili ya tokiboksi.

Sasa kuanzia hapo ile CD ikawa ndo ya kujaribia kazi zangu zote, na hapa ndo jibu lako lilipo mkuu. Ngoma ya kelele inaficha ubovu wa spika, kila kitu kinalia kwa pamoja huwezi jua kipi kinakoroma. Hii haifichi. Chukua Nutshell, wimbo wa pili, gitaa kavu (lisilo la umeme) linapigwa kodi (chord) zilezile zinazunguka, besi ya Mike Inez chini yake inaimba wimbo wake yenyewe, mwimbaji Layne Staley anaingia bila kulazimisha, kati ya chombo na chombo kuna nafasi kubwa hata mtu akisogeza kiti dukani unakosa kitu. Kama spika ina mchanga utausikia, kama waya umelegea utausikia. Ndo maana ukiisikilizia kwenye daladala unapata usingizi, injini imekula nusu ya rekodi.

Halafu kuna mdau hapo juu kasema hii ni rekodi ya unplugged, yaani ile ya kupiga vyombo vikavu bila umeme, hapana kaka, unachanganya. Unplugged yao ni ya 1996, walipiga Brooklyn mbele ya watu na wakafungulia na huohuo Nutshell, labda ndo kilichokuchanganya. Jar of Flies ni kazi ya studio ya Januari 1994 na magitaa ya umeme yamo, ile solo ya mwisho ya Nutshell ni umeme huo, I Stay Away ina mpaka fidla, vile vyombo vya kuburuza na upinde. Historia yake fupi: walirudi kutoka ziarani 1993 wakakuta washatimuliwa kwenye nyumba kwa kutolipa kodi (mastaa hao!), wakahamia studio ya London Bridge kule Seattle na magitaa yao makavu waone kitatoka nini, ndani ya kama wiki moja zikatoka nyimbo saba. Ilipotoka ikaenda moja kwa moja namba moja Billboard, chati ya rekodi ya Marekani, ndo EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya kwanza kabisa kufanya hivyo. Mi haya yote sikuyajua, wala sikujua Staley alishafariki tangu 2002, kwa hiyo mtu asiniambie watu wanaipenda kwa sababu ya msiba.

Kilichonifungua macho hasa ni mzee wangu. Mzee ni mtu wa dansi, wa Sikinde, muziki wa kizungu kwake ni fujo tu. Siku hiyo kaja dukani kunipitia, kakaa kwenye kreti, No Excuses inapiga, ile ngoma ya Sean Kinney mwanzoni inavyojikunjakunja, akaanza kugonga kidole kwenye goti. Ikafika wanaimba wale wawili, Cantrell na Staley, sauti zimebanana huwezi kupitisha karatasi katikati. Akauliza, "Hawa wa wapi?" Nikamwambia wa Marekani baba. Akasikiliza weee, akasema, "Hawa wawili wamelala chumba kimoja hawa. Huwezi kuimba hivyo na mtu ambaye hujala naye."

Nikacheka. Miaka kadhaa baadaye ndo nikaja kusoma kwamba hao jamaa kabla hawajatoka, miaka ya themanini mwishoni, walikuwa wanaishi pamoja kwenye jengo la kufanyia mazoezi pale Seattle, linaitwa Music Bank, kwa sababu Cantrell hakuwa na pa kukaa na Staley ndo alimkaribisha. Mzee kalijuaje hilo kwa kusikiliza dakika nne tu, sijui.

Basi tangu hapo siwezi kuiita rekodi ya huzuni tu, maana kila mmoja akizama mwenzake yupo pembeni anaimba naye. Sikiliza Don't Follow, Cantrell anaanza mwenyewe kinyonge, harmonika inapita, halafu Staley anapokea katikati kama mtu aliyechoka kukuangalia ukibeba mzigo peke yako. Pale mi huwa naweka bisibisi chini.

Haina maana yote ni dhahabu. Swing on This ya mwisho mi naonaga kama utani waliosahau kuufuta, huwa narudi mwanzo kabla haijaanza. Whale & Wasp haina maneno, ukiwa na haraka utairuka, usiiruke.

We fanya hivi: usiku, watu wamelala, sauti ndogo, usiweke shafo (ile ya kuchanganya nyimbo), ianze namba moja mpaka sita, haifiki hata nusu saa. Ikikubali tafuta Sap, EP yao nyingine ya 1992. Na yule mteja kama yumo humu, redio yako imepona, njoo na chenji iliyobaki. CD tutaongea.