Jibu: Barafu ikipungua, pengwini hunufaika au huumia?

Umeuliza kama barafu ya bahari huwasaidia pengwini kuvua. Inategemea ni pengwini gani na yuko wapi. Chukua pengwini aina ya Adélie wa ghuba ya Lützow-Holm, Antaktika, waliofungwa vifaa vya kufuatilia mienendo yao na watafiti wa Japani. Barafu ikiwa nene, ndege hutembea hadi kwenye ufa, na mwendo wa miguu ni wa polepole takriban mara nne kuliko kuogelea. Akishazama hawezi kuibukia popote: lazima arudi kwenye ufa ule ule au atafute mwingine kabla pumzi haijakata. Nyufa zikiwa chache, wenzake nao wamejazana hapo hapo wakigombea krili, yaani wale uduvi wadogo. Msimu wa 2016/17 barafu ilipotoweka, waliogelea moja kwa moja, safari zikafupika na vifaranga wakanenepa.

Ila usiseme barafu kidogo ni heri kwa wote. Pengwini kaisari (emperor) hutotoa juu ya barafu iliyoshikamana na pwani; ikivunjika kabla vifaranga hawajaota manyoya yasiyopitisha maji, hufa.