Kabla hujapandisha mnara wa tanki, tazama bomba

Vyumba vyangu vya uani vina bafu, na kwa miaka 2 maji ya kule yalikuwa ya kubembeleza. Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa dakika 4. Fundi akaja, akatazama juu, akasema presha ndogo, pandisha mnara. Nikapandisha mita 1: nondo, saruji, vibarua. Ndoo ikajaa kwa dakika 3 na sekunde 20. Hela yote ile kwa sekunde 40!

Siku moja kwa hasira nikaziba mdomo wa koki kwa kidole gumba. Maji yakachomoka pembeni ya ukucha, yakanilowesha shati. Nilipoachia, yakalegea palepale. Kumbe presha ilikuwepo, ila maji yakianza kutembea inaliwa njiani.

Kinachoila ni msuguano. Maji yanayogusa ukuta wa bomba hayasogei kabisa, yameushikilia. Yanayofuata yanaburutwa na hayo, na yanayokimbia kwelikweli ni ya katikati tu. Bomba likiwa jembamba, hiyo katikati iko wapi? Langu lilikuwa la chuma, nusu inchi, mita 60, nililirithi pamoja na kiwanja. Nilipolikata nikaona kutu imeota ndani kama magamba. Kidole changu cha mwisho kikagoma kupita. Mfaransa Henry Darcy alikwisha kuonyesha mwaka 1857 kwamba ukwaruzo wa ndani ya bomba unapunguza mwendo wa maji. Mimi nilisubiri kufilisika ndipo nielewe.

Basi ushauri wangu: usipime presha koki ikiwa imefungwa. Maji yaliyosimama hayana msuguano, utadanganyika. Na ukibadilisha bomba, usibane kwenye upana. Kwa kiasi kilekile cha maji, kipenyo kikiwa mara 2, presha inayopotea njiani inapungua karibu mara 30. Mimi nililaza bomba jeusi la plastiki la inchi moja hadi ukutani kwa bafu, nusu inchi nikaiacha mwishoni tu. Kwenye kona nikalipinda taratibu badala ya kufunga elbo 5 kama zamani, maana kila elbo inayavuruga maji.

Sasa ndoo inajaa kwa dakika moja na kidogo. Mnara nao upo, mrefu bila sababu. Mke wangu ameufungia kamba ya kuanikia nguo.