Sola yangu inakata usiku, niongeze paneli?

Ndugu, umesema una paneli ya wati 300 na betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, na friji inazima kabla ya alfajiri. Usikimbilie paneli kwanza. Tupige hesabu.

Betri yako ina wati-saa 1,200 (volti 12 mara ampea-saa 100) kwa jina tu. Betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabu 600. Friji inayokula wastani wa wati 50 kwa saa 12 za giza inazimaliza zote 600. Bado taa, runinga, na inveta yenyewe (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani), ambayo nayo inakula chake.

Hizo wati 300 za paneli zimepimwa maabara, seli zake zikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la mchana seli hupita 50, na umeme unashuka. Ukipata saa tano za jua kali, tegemea wati-saa 1,100 hivi, wakati friji hiyo kwa siku nzima inataka 1,200. Kwa hiyo paneli nayo haitoshi, ila kinachokuangusha usiku ni betri.

Ningekuwa wewe ningenunua betri ya lithiamu (hakikisha kidhibiti chaji kinaikubali), kisha paneli ya pili. Usiunganishe betri mpya na hiyo kuukuu. Na kama kuna tawi linalotia kivuli hata kona ya paneli, likate leo. Hilo ni bure.