Kiti ni cha kukaliwa

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako umefika. Mama yako kausoma mara mbili ndipo akanipa simu. Sisi wazima, ila goti langu ni lile lile.

Umeuliza, kati ya Monnet na Hallstein, nani hasa aliijenga Jumuiya ya Ulaya pale mwanzoni, maana mwalimu wako huko Luxembourg hamalizi kipindi bila kumsifu Monnet. Ana haki. Mfaransa, mtoto wa wauza konyaki, chuo kikuu hakukanyaga, na bado ndiye aliyeongoza Mamlaka Kuu ya Makaa ya Mawe na Chuma, chombo cha kwanza cha Jumuiya, tangu Agosti 1952, hapo hapo ulipo. Lakini kufika katikati ya 1955 alishaondoka.

Mimi unajua namfikiria zaidi Hallstein. Profesa wa sheria, Mjerumani, akaishika Tume, chombo cha kuendesha Jumuiya, kule Brussels kuanzia Januari 1958 hadi 1967. Na swali linalonisumbua si nani alijenga. Ni nani alimfanya mwenzake ainuke kitini.

Machi 1965 Hallstein alitaka Jumuiya iwe na fedha zake yenyewe, zitokane na ushuru wa forodha na tozo za mazao, na Bunge la Ulaya liwe na sauti juu ya fedha hizo. Akaenda kuyasema Strasbourg, bungeni, kabla serikali hazijakabidhiwa rasmi. De Gaulle, rais wa Ufaransa, alikuwa na lake moyoni tangu zamani: mabalozi wa nchi za nje walikuwa wakimpelekea Hallstein hati zao kwa shamrashamra, kama mkuu wa dola. Julai Ufaransa ikamwita mwakilishi wake nyumbani. Miezi saba viti vyao kwenye vikao vya mawaziri vikakaa vitupu.

Unanijua: kiti ni cha kukaliwa. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo mnagombea kigoda cha bibi.

Nilikuwa karani kijana Arusha, Jumuiya yetu ya kwanza, ile iliyoanza Desemba 1967. Kazi yangu kupanga viti na vibao vya majina. Siku moja wajumbe wa upande mmoja hawakutokea. Upande gani sisemi, hata leo. Nikauliza, niondoe vibao? Bosi akasema viache. Basi tulikaa na vibao vile mpaka saa nane, chai ikaota utando juu, hakuna aliyegusa andazi. Jioni nikayabeba nyumbani kwenye gazeti, shangazi yako akayala akicheka, "Kumbe Jumuiya ni tamu hivi!" Mimi sikucheka. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa, yeye akiwa kwa mumewe Taveta, ya msiba wa bibi unayajua. Tusiyarudie.

Ndiyo maana Hallstein ananikera, kisha namwonea huruma. Ananikera kwa haraka yake: mtu mwenye sheria mkononi hudhani wenzake nao wameisoma. Lakini asingeharakisha, angefanya nini? Mkataba wenyewe wa Jumuiya ulisema kuanzia 1966 mambo mengi yaamuliwe kwa kura za wengi. Yeye hakuutunga ukorofi huo. Tena Januari 1966, Luxembourg hapo hapo, Wafaransa walirudi mezani. Walirudi, mwanangu! Wakaandika kwamba jambo likigusa maslahi makubwa ya nchi, wao wanataka lizungumzwe mpaka wote wakubali. Wenzao hawakukubaliana nao, na hilo nalo likaandikwa. Kazi ikaendelea. Hallstein mwaka uliofuata akaondoka, akaingia Jean Rey, Mbelgiji.

Kwa hiyo alishindwa? Viti vilijaa tena. Alishinda? Yeye mwenyewe hakubaki kuvihesabu.

Usinibane nitaje jina. Nikitaja utaliandika kwenye insha yako, na mwalimu wako ataniona mkaidi. Ila ukipita lile jengo walimopatana, nipigie picha ya meza. Meza tu, na viti vyake.

Baba yako