Chukua FighterZ kwanza

Mdogo wangu, umesema umeangalia katuni ya Dragon Ball tangu utotoni, hela inatosha gemu moja tu ya katuni hiyo, na huna uhakika uchukue FighterZ au Sparking! Zero. Mimi naicheza FighterZ tangu ilipotoka Januari 2018 na sijaichoka. Chukua hiyo.

Arc System Works, kampuni iliyoiunda FighterZ, wametengeneza wahusika wa 3D, lakini ukiwatazama unaona katuni yenyewe, mpaka mistari ya wino. Gohan mdogo akimmaliza yule adui Cell na masharti fulani ya pambano yakatimia, unarudishiwa ile Kamehameha ya baba na mwana, mwali wa nguvu wa kwenye katuni. Mwili hunisisimka kila mara. Sparking! Zero ya 2024 ina wahusika wengi mno na uwanja mpana wa kuruka, ila utamu wa kupigana ana kwa ana, watatu kwa watatu, uko FighterZ.

Wageni wengi hupotelea kwenye kitufe cha R2: wanakibonyeza mfululizo ili wamrukie mpinzani. Usifanye hivyo. Na ukirukiwa wewe, shika chini, bonyeza duara kwenye pedi ya PlayStation. Ngumi inampokea akiwa hewani, hapo ndipo unaanza kumchapa. Kaa na zoezi hilo moja wiki nzima kabla ya kutafuta kombo ndefu (mapigo yaliyounganishwa) za YouTube.

Kama una PS5, hakikisha unapakua toleo la PS5, siyo la PS4. Maboresho ya mtandao ya 2024 hayakufika PS4, na ukicheza na watu wa mbali tofauti utaiona.